Kiu Si Ugonjwa

Masjala ya hospitali ya watoto ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido ya chini, ikitazamana na chumba cha kufulia, jirani na mlango wa nyuma ambao haukufunguka mpaka upigwe teke. Aliyekaa humo miaka thelathini na sita, akiandika, akipanga na kutafuta mafaili ya watoto wa watu, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wauguzi walimwita Bi Kalamu, maana siku zote alikuwa na penseli moja imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa na nyingine sikioni, na bado alipita mezani kwa watu akiomba, "Jamani, nani ana kalamu?" Jina likaota mizizi. Mwaka mmoja hata barua rasmi ya likizo yake ilichapwa "Bi Kalamu", ikatiwa sahihi, ikapigwa mhuri, naye akaenda likizo bila kulalamika.

Sasa amestaafu, na masjala yenyewe imegeuzwa stoo ya viti vibovu. Lakini ukimuuliza habari za zamani, vuta kiti kabisa, maana huondoki mapema. Atakueleza droo ya herufi M ambayo haikufunguka bila kubembelezwa. Atakueleza harufu ya karatasi kuukuu iliyochanganyika na sabuni kutoka ng'ambo ya korido. Hata leo akinusa shuka zilizotoka kufuliwa, mkono wake unatafuta faili. Atakueleza birika la umeme lililopigwa marufuku na wakurugenzi wanne, na wote wanne walikuja kunywa chai yake. Hucheka katikati ya sentensi, halafu hufuta macho. Alizipenda siku zile, wala haoni haya kusema.

Kwenye ukuta unaopakana na mapokezi palikuwa na kidirisha chenye wavu. Mama, au baba, au bibi, alisimama upande ule na mtoto mkononi, na Bi Kalamu upande huu na Daftari Kubwa. Lilikuwa kubwa kweli. Muuguzi mmoja aliwahi kuzuilia mlango kwa daftari hilo siku ya upepo, akapata maneno yake. Kila ukurasa ulikuwa na safu tano: namba, jina, umri, ugonjwa, sababu. Safu ya Ugonjwa ilijazwa na daktari kwa mkono wake mwenyewe, na mwandiko wa madaktari mnaujua: kuku aliyekanyaga matope angesomeka vizuri zaidi. Safu ya Sababu ilikuwa ya karani, baada ya kumuuliza mzazi imekuwaje. Hapo ndipo ulipouona mwandiko wa Bi Kalamu, wa mviringo, uliosimama wima, aliofundishwa na mwalimu aliyekuwa akichapa vidole.

Juu ya kidirisha palibandikwa mwongozo kutoka makao makuu ya wizara, karatasi iliyogeuka rangi ya chai, wenye orodha ya sababu zinazokubalika. Mstari wa tisa ulisema hivi: mtoto aliyekunywa sumu, andika UZEMBE WA MZAZI.

Na sumu yenyewe, mara nyingi kuliko zote, ilikuwa mafuta ya taa. Madukani yaliuzwa kwa kipimo kutoka kwenye pipa, na mnunuzi alikwenda na chombo chake. Chombo ambacho hakikosekani nyumba yoyote ni chupa tupu ya soda, au ya maji. Mafuta yakishamiminwa humo, kwa macho ni maji. Chupa inawekwa chini ya meza, kando ya jiko, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapita, anaiona, na yeye chupa ile anaijua toka siku aliyoonjeshwa soda. Kila wiki alikuja mmoja, pengine wawili, vinywa vinanuka taa, vifua vinakoroma.

Bi Kalamu hakuandika uzembe wa mzazi hata mara moja. Tangu wiki yake ya kwanza kazini, akiwa msichana wa miaka ishirini na minne, alimuuliza mama aliyesimama kwenye kidirisha, "Imekuwaje, dada yangu?" Yule mama akasema kwa sauti iliyokwisha, "Alikuwa na kiu tu." Basi kwenye safu ya Sababu akaandika: kiu. Na pembeni, kwa penseli, herufi ndogo ndogo, akaandika maneno ya yule mama kama yalivyotoka. Kuanzia siku hiyo ikawa desturi yake. Kila mtoto wa mafuta ya taa, sababu ni kiu, na pembeni maneno ya aliyemleta.

Mwaka wake wa tatu alikuja mkaguzi, bwana mmoja mwenye mkoba mkubwa na subira ndogo. Akafunua, akafunua, akasimamisha kidole.

"Bibi, hii ni nini? Kiu si ugonjwa."

"Najua, bwana," akajibu. "Ndiyo maana sikuiandika kwenye safu ya ugonjwa."

Mkaguzi akamtazama, akalitazama daftari, akafunga mkoba. Aliandika onyo, onyo likaingia kwenye faili, na kwa kuwa mwenye kupanga mafaili alikuwa Bi Kalamu mwenyewe, sijui nani alilisoma tena.

Watu walidhani ni ukaidi. Haukuwa ukaidi. Alipokuwa na miaka tisa, mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, mtoto wa miaka miwili mwenye mashavu na makelele, alikunywa mafuta ya taa. Jirani mwenye nia njema akamtapisha, na hapo ndipo mafuta yalipomwingia kifuani. Alikufa siku ya tatu katika hospitali ambayo haikutofautiana sana na hii. Siku walipompeleka, karani mwenye miwani aliyekuwa na tabia ya kutamka anachokiandika, aliandika mbele ya mama yao: "U-zem-be wa mza-zi." Mama alisimama pale kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemjua. Shangazi zao, dada zake baba, wakalishika neno lile, na ndugu wakiyaamini maneno yao, likamganda mama kama lami. Tangu hapo hapakuwa na jirani aliyemwachia mtoto hata kwa dakika tano, naye hakuomba kuachiwa.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo mama hakuwahi kuambiwa. Asubuhi ile, mama akiwa ameenda kuchota maji, yule msichana wa miaka tisa aliliona dumu la mafuta linavuja. Kwa akili yake ya kitoto akaona ni vizuri kusaidia. Akachukua chupa ya soda, akamimina mafuta yasipotee, akaiweka chini ya meza, akatoka kucheza. Mama alirudi akakuta kilio. Watu walipouliza nani kaiacha chupa pale, mama akanyamaza, na mtoto akanyamaza. Mtoto akakua na ukimya wake, akasoma, akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, akamchukua mama yake wakaishi pamoja, na ukimya ukahamia nao. Mficha maradhi kilio humuumbua, wahenga walishasema, lakini kuna wanaojua kuficha hata kilio.

Sasa tuje kwa Daktari Mbio. Alifika hospitali akiwa mwanafunzi, mwembamba, viatu vya mpira, na korido hakuitembea, aliikimbia. Miaka ikapita, akawa mkuu wa chumba cha dharura, lakini mbio hakuacha wala jina halikumwacha. Ndiye daktari pekee aliyeingia masjala na kusema "Shikamoo, mama" kabla ya kuomba faili, na Bi Kalamu alimpenda kama binti yake, ingawa mwandiko wake ulikuwa mbaya kuliko wa wote.

Daktari Mbio alichoka. Si kuchoka kwa miguu.

"Mama, mimi nikimtibu huyu leo," alisema siku moja akipuliza chai, "kesho mwenye duka anammiminia mwenzake. Nitatibu mpaka lini? Hii si kazi ya dripu. Hii inataka sheria."

Alikuwa ameshaandika mapendekezo, na mkurugenzi, mwanamume mwoga lakini mwenye moyo, alikuwa ameyatia sahihi kwa niaba ya hospitali. Yalikuwa mafupi: mafuta ya taa yasiuzwe tena kwenye chupa za vinywaji. Yauzwe kwenye chombo chenye rangi yake peke yake, kilichoandikwa, chenye kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. Hospitali iliwahi kupeleka hoja hiyo wizarani, ikajibiwa kwa mabango. Mabango yalikuja elfu mbili, yakabandikwa kila mahali, yenye picha ya mwanamke na maneno: MAMA, KUWA MAKINI. Watoto wakaendelea kuja wiki kwa wiki, na mama zao wakasubiri chini ya mabango.

Safari hii kamati ya bunge ilikubali kuwasikiliza. Hospitali ilikuwa imeingiza madaftari ya miaka kumi kwenye kompyuta. Walikuja vijana wa mkataba, wakachapa miezi miwili, wakaondoka. Daktari Mbio akachukua takwimu kwenye karatasi zinazong'aa, akavaa viatu vya ngozi kwa mara ya kwanza, akaenda.

Alirudi mchana akitembea. Hapo tu Bi Kalamu alijua kuna msiba. Daktari akaketi kwenye kiti cha masjala, akavua viatu, akavitupa chini ya meza.

"Wamenicheka, mama."

"Nani?"

"Kamati nzima. Mwenyekiti kachukua karatasi zangu mwenyewe akanisomea. Miaka kumi, waliokunywa mafuta ya taa ni arobaini na mmoja. Anasema, daktari, tatizo lenu linakwisha lenyewe, mnataka sheria ya nini? Halafu akageuza ukurasa." Akatoa karatasi, ikiwa imekunjwa kunjwa. "Akasema, naona mna ugonjwa mwingine mkubwa zaidi. Watoto mia sita na kumi na wawili wamelazwa kwa kiu. Akauliza kama tunataka sheria ya kuwapa watoto maji. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bi Kalamu, hivi kiu ni nini?"

Bi Kalamu alishika ukingo wa meza. Alielewa papo hapo. Vijana wa mkataba walifika kwenye safu ya Ugonjwa wakakuta nyayo za kuku. Safu iliyofuata ilikuwa na neno zuri, la mviringo, lililosimama wima. Wakachapa lile linalosomeka; ni arobaini na mmoja tu ambao mwandiko wa daktari uliwasomeka. Mwandiko aliojivunia maisha yake yote ulikuwa umewafuta watoto mia sita.

Angeweza kunyamaza. Mkurugenzi alikwishaanza kuwalaumu vijana wa mkataba, nao hawakuwepo kujitetea. Miezi miwili tu ilikuwa imebaki astaafu, na zawadi ya kuagwa ilishaanza kuchangiwa. Kunyamaza alikuwa amekuzoea kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

"Ni mimi," akasema. "Kiu ni mafuta ya taa. Mimi ndiye niliyeandika."

Daktari Mbio akamtazama kwa hasira. Bi Kalamu akainuka, akaenda kwenye kabati la chini, akatoa Daftari Kubwa la mwaka wowote tu, akalifungua mbele yake na kumwelekeza kidole pembeni, penye penseli. Daktari akasoma. Akafunua. Akasoma tena. Alipoinua uso, hasira ilikuwa imemtoka.

"Mama, umeandika walikunywa kutoka kwenye nini."

"Nimeandika walichoniambia."

"Kwa kila mtoto?"

"Kwa kila mtoto."

"Unajua nimeitafuta habari hii miaka mingapi?" Akasimama, peku. "Takwimu zangu zinasema wangapi. Hazisemi chupa gani. Hazisemi nani alimimina. Hii inasema!"

Wiki tatu zilizofuata, Bi Kalamu atakuapia kwamba ndizo zilizokuwa tamu kuliko zote katika miaka yake thelathini na sita. Walihesabu upya, kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Wauguzi waliomaliza zamu walipita, wakavuta viti, mmoja anasoma, mwingine anachora vijistari, birika linachemka, mkurugenzi anapita mlangoni akijifanya halioni. Kulikuwa na utani mwingi. Muuguzi mkuu, mwanamke mwenye mwili na sauti, alifika na kuapa kwamba mwandiko wa Daktari Mbio ungeweza kutumika kuficha siri za serikali. Lakini ilifika mahali hata yeye alinyamaza, kwa sababu ya yale maneno ya pembeni.

"Nilikuwa nafua. Nikasikia kikohozi."

"Ilikuwa chupa ya maji, bado ina karatasi yake ya bluu."

"Dukani walimmiminia dada yake kwenye chupa ya soda, kama siku zote."

"Aliniomba maji. Nikamwambia ngoja."

Hili la mwisho muuguzi mkuu alilisoma mara mbili, akatoka nje kusimama kidogo koridoni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wengi mle ndani walikuwa wazazi.

Hesabu ilipokamilika, watoto wa kiu walikuwa mia sita na kumi na wawili, kama kompyuta ilivyosema, na wote walikuwa wa mafuta ya taa. Kati yao, mia tano na sabini na mmoja walikunywa kutoka kwenye chupa za soda au maji. Mkurugenzi akaandika barua ya kuomba radhi na kuomba nafasi nyingine. Kamati ikawapa dakika ishirini, wiki mbili kabla ya Bi Kalamu kustaafu.

"Hesabu nitazisema mimi," Daktari Mbio alimwambia. "Lakini wataniuliza kwa nini iliandikwa kiu. Hilo siwezi kulijibu, mama. Utajibu wewe."

Bi Kalamu alisema sawa, kisha hakula vizuri siku nne. Vikao vya kamati ile vilirushwa redioni moja kwa moja, na mama yake, bibi wa miaka themanini na moja, macho yakiwa yamefifia, alishinda na redio kuanzia habari za asubuhi mpaka matangazo ya vifo. Alijua bintiye anakwenda bungeni, alikwishawatangazia majirani. Jibu la kwa nini kiu lilikuwa moja tu, na mama angelisikia akiwa peke yake kwenye kiti chake, bila mtu wa kumshika mkono.

Siku ikafika. Madaftari kumi yalipakiwa kwenye gari la kubebea nguo za kufua, maana ndilo lililokuwa na nafasi, na Bi Kalamu akakaa mbele kwa dereva, mkoba magotini. Ukumbi wa kamati ulikuwa na zulia nene, vipaza sauti mezani, na mbele ya kila mheshimiwa chupa ya maji. Daktari Mbio alisema hesabu zake, safari hii pasipo haraka. Hakuna aliyecheka. Lakini mwenyekiti wa kamati, mzee nadhifu mwenye tai iliyokazwa, aliegemea kiti.

"Daktari, hesabu tumezisikia na tunawapa pole. Lakini tusidanganyane. Nani anaweka sumu chini ya meza? Ni mzazi mwenyewe. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mwongozo wa wizara unasema uzembe wa mzazi, na karani wenu anaandika kiu. Huko si kuwatetea wazembe?" Akafungua chupa yake, akanywa mafunda mawili.

Daktari Mbio akamgeukia Bi Kalamu. Bi Kalamu akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuuliza. Hayo maji uliyokunywa sasa hivi, uliyanusa kwanza?"

Mwenyekiti akaitazama chupa. Mheshimiwa wa pembeni, aliyekuwa ameshainua yake, akairudisha mezani taratibu.

"Hukuyanusa," akaendelea. "Na una miaka yako, na miwani yako. Uliona chupa ya maji, ukajua ni maji. Hata mtoto wa mwaka mmoja anajua hivyo. Tofauti ni kwamba wewe waliokuwekea mezani ni watu wa kuaminika."

Angeweza kuishia hapo, na hoja ingesimama. Alifikiria kiti cha nyumbani, na redio, na mkono wa mama yake uliozoea kuipapasa. Akajiona amechoka sana.

"Umeuliza nani anaiweka chupa chini ya meza," akasema. "Kwetu niliiweka mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Dumu lilitoboka, nikamimina mafuta kwenye chupa ya soda, na mdogo wangu akanywa, akafa. Karani akaandika uzembe wa mzazi. Mama yangu hakuwepo hata nyumbani. Amelibeba neno hilo miaka hamsini na moja, na mimi nimemwacha alibebe, kwa sababu niliogopa. Ndiyo maana nikipewa kalamu siliandiki. Sijui kama mimi ni mzembe, mheshimiwa. Najua mdogo wangu alikuwa na kiu."

Habari ya sheria tuimalize hapa hapa. Ilichukua miezi kumi na mmoja, ikapunguzwa huku na kuongezwa kule, wauza mafuta wakalalamika, lakini ikapita. Chombo kikapata rangi yake na kifuniko chake. Mstari wa tisa ukafutwa kwenye mwongozo. Watoto hawakuacha kuja, lakini siku hizi Daktari Mbio husema ana wiki nzima nzima asizoinusa taa. Yeye bado anakimbia.

Siku ile ya kamati, Bi Kalamu alishushwa na gari la kufulia karibu na alasiri. Alisimama nje ya mlango wa nyumba yao akitafuta ufunguo ambao alikuwa ameushika. Ndani palikuwa kimya. Redio ilikuwa imezimwa, na redio ya mama haikuzimwa saa hizo hata siku za homa.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, mikono magotini.

"Umekuja?"

"Nimekuja, mama."

"Kaa."

Akakaa sakafuni, karibu na miguu yake, mwanamke wa miaka sitini, penseli kichwani.

"Nilijua," mama akasema. "Niliporudi na maji niliona dumu linavuja, na sakafu mahali ulipomwaga kidogo. Nilijua siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Niwaambie nini? Wakuite wewe hivyo, na miaka tisa yako? Mimi nilikuwa mtu mzima. Nikasema, acha waniite. Lakini nilidhani na wewe unaniita hivyo moyoni. Uliacha kuniangalia usoni. Nikasema, hata huyu."

Bi Kalamu alilia kama hajawahi kulia, kichwa kwenye magoti ya mama yake, na mama akamwacha alie, akimpapasa kitambaa.

"Sikiliza, mwanangu. Ningeliona mimi lile dumu asubuhi ile, ningemimina kwenye chupa ile ile. Nyumba nzima hatukuwa na chombo kingine."

Jina la yule mtoto halikuwa limetajwa katika nyumba hiyo kwa miaka hamsini na moja. Mama ndiye aliyelitaja, kwa sauti ya kawaida, kama anamwita aje kula.

"Angekuwa na miaka mingapi sasa?"

"Hamsini na mitatu."

"Angekuwa na kipara," mama akasema. "Kama baba yenu."

"Hapana, mama. Nywele zake zilikuwa nzito."

"Za mtoto unazijuaje? Baba yenu naye alikuwa nazo nzito. Kipara, nakwambia."

"Labda cha mbele tu."

"Cha mbele na cha nyuma," akasema mama, na wote wawili wakaanza kucheka.